Nyimbo sita tu

Baba amelala. Leo ilikuwa zamu yake ya kusafishwa damu, saa nne mfululizo kwenye mashine, na kama kawaida amerudi hoi huku akiulizia mazoezi ya kwaya. Nikamwambia, "Baba, leo hapana." Hakunijibu. Alivua viatu taratibu, akaingia chumbani.

Nimebaki sebuleni na muziki wa Eddie Shaw, Mmarekani mpuliza saksafoni wa bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi. Hiki chombo wanadansi wetu hukiita mdomo wa bata, ila mikononi mwake kinakwaruza kama koo la mtu aliyelia usiku kucha. Alizaliwa Mississippi mwaka 1937, akakulia Greenville. Angali kijana alipuliza na bendi ya Ike Turner, kisha Muddy Waters, nguli wa bluzi, akamchukua akampeleka Chicago, na hatimaye akaangukia kwa mwimbaji Howlin' Wolf, mshindani mkubwa wa Muddy.

Bluzi ya Chicago ni ya magitaa na kinanda cha mdomo. Mpuliza saksafoni husimama pembeni akingoja apewe nafasi. Lakini Shaw ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wa bendi ya Wolf.

Kilichonikamata ni mwaka 1973. Moyo wa Wolf ulikuwa umeshamsumbua, figo nazo zimechoka, lakini jukwaa hataki kuliacha. Shaw akamwekea mpaka: nyimbo sita kwa onyesho, basi. Wolf alimzidi karibu miaka 27, na ndiye bosi, jina lake ndilo lililojaza ukumbi. Nawaza ilikuwaje kumtamkia mzee kama yule neno "imetosha", halafu ushike saksafoni uendelee kupuliza ukijua ameshahesabu wimbo wa sita. Mimi leo nimesema mara moja tu, na bado mikono inatetemeka.

Wolf alifariki Januari 1976. Shaw hakuivunja bendi. Aliendelea nayo kwa jina la Wolf Gang, akapuliza, akaimba, na baadaye mwanawe Vaan akashika gitaa kando yake. Shaw alifariki Januari 2018, akiwa na miaka 80. Miaka arobaini na zaidi kalibeba jina la mzee wake.

Baba ameamka. Namsikia anaanza besi chini chini, ile ya wimbo wa Jumapili. Nimezima muziki. Nitamwachia beti mbili.