Jedwali la Washilahara wa Konkan Kaskazini: kazi ilipofikia

Lengo la jedwali hili ni moja: kila mfalme wa ukoo wa Shilahara aliyetawala Konkan Kaskazini, yaani pwani ya Thane na Mumbai ya leo, magharibi mwa India, kuanzia karibu mwaka 800 hadi miaka ya 1260, aingie kwenye jedwali kwa mwaka uliochongwa, si kwa makisio yaliyonakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu. Hawakuwa wafalme wakubwa. Walianza chini ya wafalme wa Rashtrakuta, mwisho wakamezwa na Wayadava wa Devagiri. Lakini waliacha mabamba ya shaba yenye hati za kugawa ardhi, na maandishi ya mawe, na hayo yanatosha kuusimamisha ukoo mzima.

Jedwali lina safu saba: jina, baba, kitu (shaba au jiwe), mahali kilipopatikana, mwaka wa Saka (kalenda ya Kihindi), mwezi pamoja na nusu yake (angavu mwezi ukikua, giza ukipungua), na jina la mwaka katika mzunguko wa miaka 60, ambamo kila mwaka una jina lake. Mwaka wa Kristo huongezwa pembeni mwisho kabisa.

Hesabu ya kutoka Saka kwenda mwaka wa Kristo ni fupi, ila ina mtego. Mwaka wa Saka huanza mwezi wa Chaitra, yaani Machi au Aprili, kwa hiyo unaongeza 78. Tukio likiwa la Magha au Phalguna, miezi miwili ya mwisho, tayari Januari imepita, unaongeza 79. Halafu uliza kama mwaka uliotajwa umetimia au bado unaendelea. Ni kama umri wa mtoto: aliyetimiza miaka mitano yumo ndani ya wa sita. Hati nyingi za Konkan huhesabu miaka iliyotimia, na kanuni ya 78 ni ya miaka hiyo.

Kuhakikisha, chukua mwaka wa Saka, ongeza 12, gawa kwa 60. Baki ndiyo namba ya jina la mwaka. Ikibaki sifuri, ni jina la 60.

Mfano mzuri kuliko yote ni mabamba ya mfalme Arikesarin, yaliyofukuliwa kwenye ngome ya Thane mwaka 1787. Yanasema imepita miaka 940 kasoro mmoja, mwaka wa Pingala, mwezi wa Karttika, siku ya 15 ya nusu angavu, mwezi ukiwa mpevu na umepatwa. Basi 939 na 12 ni 951. Gawa kwa 60, baki 51, na Pingala ni jina la 51. Karttika ni Oktoba au Novemba, kwa hiyo 939 na 78: 1017. Mwezi ulipevuka tarehe 6 Novemba mwaka huo. Neno "imepita" limo ndani ya hati yenyewe, na mwezi haupatwi ila ukiwa mpevu. Ushahidi wote unakubaliana, ndiyo maana mstari huu ndio msumari wa jedwali zima.

Anantadeva wa Kwanza ndiye anayeonyesha kosa la kawaida. Mabamba yake ya Kharepatan ni ya Saka 1016, na orodha nyingi huandika 1094. Jina la mwaka ni Bhava: 1016 na 12 ni 1028, baki 8, na Bhava ni la 8. Mwaka ni sahihi, lakini mwezi ni Magha. Kwa hiyo 79, si 78: mwanzoni mwa 1095. Hati hii inawasamehe watu wake wawili ushuru katika bandari za Sthanaka (Thane), Nagapura, Shurparaka (Sopara) na Chemuli (Chaul).

Kharepatan ina mtego mwingine. Palipatikana pia mabamba ya Rattaraja, Saka 930, mwaka 1008, yanayotoza kila chombo kitokacho nchi za mbali sarafu moja ya dhahabu iitwayo gadyana. Rattaraja ni Mshilahara wa Konkan Kusini, nyumba nyingine kabisa. Ya tatu ilikuwa Kolhapur. Zote tatu zilijiita mabwana wa Tagara (Ter ya leo), hivyo cheo hakikusaidii kuwatenganisha. Sasa hakuna mstari unaoandikwa "bamba la Kharepatan" bila jina la mfalme.

Ambernath ilitusumbua zaidi. Maandishi ya hekalu lile la Shiva yalisomwa awali kama Saka 782, yaani 860. Tarakimu ya 7 na ya 9 zikichakaa huchanganywa kirahisi. Aliyetajwa ni Mamvani, ndiye Mummuni, na Mummuni ni ndugu wa Chhittaraja, ambaye mabamba yake ya Bhandup ni ya Saka 948. Ndugu hawapishani miaka 166. Ni 982, yaani 1060. Tarakimu yenye shaka ipimwe kwa nasaba kwanza, kisha kwa jicho.

Majina nayo: Kapardin, mwanawe Pullashakti (Kanheri, Saka 765, mwaka 843), kisha Kapardin tena, mjukuu akibeba jina la babu kama ilivyo desturi kwetu. Kila jina linalorudiwa sasa lina namba na jina la baba.

Mfalme Jhanjha hana mwaka wa Saka kwenye jedwali. Mwaka wake unatoka kwa al-Masudi, msafiri na mwandishi Mwarabu, aliyeandika kwamba mwaka 304 wa Hijria (916/917) alikuwa Saimur, yaani Chaul, mtawala akiitwa Jhanj, na Waislamu wapatao 10,000 wakiishi pale: watu wa Siraf, Oman, Basra na Baghdad, pamoja na waliozaliwa huko huko India. Mwaka huo huo wa 304 ndio anaotaja kwa safari yake ya mwisho kutoka Qanbalu, kisiwa cha pwani yetu, kwenda Oman. Mstari huu una rangi tofauti, kwa kuwa ni ushahidi wa msafiri, si wa ikulu.

Kilichobaki ni Someshvara, wa mwisho, mwenye mawe ya Saka 1181 na 1182. Mawe ya kumbukumbu ya mashujaa ya Eksar, Borivali, yenye merikebu zinazopigana, mara nyingi huhusishwa na vita vyake na Mahadeva Myadava. Hayana mwaka, kwa hiyo yamewekwa kwenye karatasi ya pembeni.