Kila doa wanasema fangasi

Nina vyungu kumi na vinne barazani, ghorofa ya tatu, upande wa machweo. Vyote ni sakulenti, mimea ya majani manene yanayotunza maji, maana mimi na maua ya kumwagilia kila siku hatuelewani. Februari mimea mitatu ikaanza kutoka madoa, ndipo nilipogundua kuwa Dar es Salaam imejaa mabingwa wa fangasi.

Wa kwanza jirani yangu wa chini. Alipanda kuomba limau, akatupa jicho barazani: "Mwanangu, hiyo fangasi hiyo." Muuza maua wa barabarani nilimwonyesha picha kwenye simu, hata hakuikuza. "Fangasi, dada, chukua hii." Kichupa cha elfu kumi na kitu. Nikanyunyiza wiki mbili, madoa yakanitazama tu. Shemeji yangu naye akaja na lake: povu la sabuni ya unga huua kila kitu.

Kweli liliua. Nina echeveria moja, umbo lake kama waridi lililochongwa, majani yana poda ya kijivu kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Haikuwa hata na doa. Nikasema nayo niiogeshe, tahadhari. Nikakoroga povu kwenye ndoo, nikachukua mswaki mkuukuu, nikaisugua jani kwa jani saa sita mchana jua likiwa utosini. Poda yote ikaenda na maji. Ikabaki kijani inang'aa, nikamwita hadi jirani aje aone. Kesho kutwa yake majani ya juu yalikuwa yamebabuka, rangi ya mkate ulioungua. Kumbe poda ile ndiyo mwavuli wake, na jani likishafutwa haliipati tena. Unangoja majani mapya yachipue katikati, na mimi bado nangoja.

Baada ya aibu hiyo dawa zote zikaenda chini ya sinki, nikachukua kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia maboksi. Nikazungushia kila doa mstari, pembeni nikaandika tarehe. Mume wangu akauliza kama nahesabu mali. Mwache aulize, ujanja huu sikufundishwa na mtu.

Siku kumi. Doa la mshubiri halikusogea hata unywele. Lilikuwa kavu, gumu, la kahawia, na upande mmoja tu wa majani, unaotazama nje. Nikakumbuka: Desemba tulipaka rangi sebuleni, nikautoa barazani ghafla mmea uliokaa mwaka mzima kando ya kabati. Ni jua. Kovu la jua halina dawa wala haliambukizi, na mimi nilishalinyweshea kichupa kizima. Sasa chochote kinachotoka ndani nakipa jua kidogo kidogo kwanza.

Mti wa pesa, ule wa vijani vinene vya mviringo, ulikuwa na nukta nyeupe zilizotapakaa juu ya jani. Nilishazifuta kwa spiriti nikidhani ni wadudu, zikarudi. Safari hii nikadondoshea siki kwa pamba, zikayeyuka. Chumvi! Mmea huu una vitundu vidogo vinavyotoa maji ya ziada, yakikauka yanaacha chumvi juu ya jani, na sisi huku tunamwagilia maji ya kisima. Nikaanza kukinga maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi. Nukta zimepungua sana, na ndoo ya bure ninayo.

Wa tatu ndio uliovuka mstari, tena ndani ya siku tatu. Doa lilikuwa la majimaji, ukibonyeza kidole kinazama kama embe lililopitiliza. Hapo sina wa kumlaumu, niliupanda kwenye bakuli zuri lisilo na tundu. Nikakata hadi nyama safi, nikauacha kivulini siku nne kidonda kikauke, ndipo nikaurudisha kwenye mchanga mkavu uliochanganywa na kokoto. Mchanga wa mto, jamani, wa baharini una chumvi.

Basi nikajiona daktari. Wakati huohuo mgonjwa halisi alikuwa kimya kwenye kona: hawothia yangu, haina doa hata moja. Kilichonishtua ni sisimizi. Mstari mzima ukutani, wanapanda, wanaingia katikati ya majani, wanashuka. Sisimizi hawapandi ghorofa ya tatu kutalii. Nikapanua majani kwa kijiti: vidung'ata, wadudu weupe kama vipande vya pamba, wamejipanga kwenye makwapa ya majani. Wanafyonza utomvu, wanatoa maji matamu, sisimizi wanakunywa na kuwalinda kama mifugo. Nikaitenga, nikaing'oa, mizizini nako walikuwapo. Nikaosha mizizi yote, nikabadilisha udongo, kisha pamba za masikio zilizochovywa spiriti, mdudu mmoja mmoja, jioni jua likishazama. Ukifanya mara moja umejidanganya, mayai yanabaki. Mimi nilirudia kila wiki, mwezi na ushee, hadi sisimizi wakaacha kuja wenyewe.

Juzi jirani yangu alipanda tena, safari hii amekumbatia chungu chake mwenyewe, majani yamelegea na kuwa manjano.

"Mwanangu, hii nayo ni fangasi?"

Nikamuuliza anamwagilia lini.

"Kila siku. Asubuhi na jioni."