Siku moja maishani mwangu: fidla ya pili, stendi ya nne

Saa 2 asubuhi. Fidla bado imo kwenye sanduku. Nanyoosha shingo na mabega kwanza, maana usiku okestra yetu inapiga Simfoni Na. 9 ya mtunzi Schubert na mkono wangu wa kulia unaikumbuka vizuri. Kisha skeli, yaani noti kwa mfuatano, polepole, upinde mzima kutoka shinani hadi nchani.

Saa 4. Mazoezi ya mwisho. Obo, ala ya kupuliza, inatoa noti ya A, sote tunaifuata. Kiongozi wa fidla anabadilisha mwelekeo wa upinde kwenye mistari miwili: tulipokuwa tunashusha, sasa tupandishe. Penseli zinatoka. Stendi moja ya karatasi za muziki ni ya wapigaji wawili; mimi hukaa upande wa ndani, kwa hiyo kuandika na kufungua kurasa ni kazi yangu. Mwenzangu wa nje haachi kupiga. Watu hudhani mpiga fidla hutafuta kusikika. Sisi wa fidla ya pili, kundi la pili la wapiga fidla, akisikika mmoja peke yake, ameharibu.

Shughuli yenyewe iko sehemu ya mwisho ya simfoni. Noti tatu-tatu, mdundo uleule, ukurasa baada ya ukurasa. Mwaka 1844 mtunzi Mendelssohn aliipeleka simfoni hii mazoezini London; wapiga fidla wakaangua kicheko walipofika hapo, naye akaiondoa kwenye programu. Nilipokuwa mwanafunzi niliwaona wavivu. Siku hizi nawaelewa. Dawa ni kutokaza kidole gumba: ukikikaza, uchovu unapanda kiwikoni, halafu begani, na kurasa bado zipo.

Mchana: chakula, wanafunzi wawili, usingizi wa dakika 20.

Saa 1:30 usiku. Nguo nyeusi, taa, kimya. Sehemu tatu za kwanza zinapita salama. Kwenye ya nne mkono unaanza kuwa mzito, na macho yangu tayari yako pembeni mwa karatasi, chini kulia. Nikifungua ukurasa, naacha kupiga kwa mipigo michache, na upinde unapumzika mkononi. Leo nimefungua taratibu kuliko ilivyohitajika. Mwenzangu amenikata jicho bila kukosa noti hata moja.

Saa 4 usiku. Nalegeza upinde, nafuta kwenye nyuzi vumbi la utomvu unaopakwa upinde. Sikio la kushoto, linalokaa karibu na fidla, bado linavuma. Mwenzangu anafunga sanduku lake.

"Kesho," anasema, "mimi nakaa ndani."