Samaki wa Bure

Nasoma kitabu cha Hesabu katika Biblia, sura ya 11, usiku huu, maana Jumatano ni zamu yangu kuongoza somo kwenye ushirika wa nyumbani. Waisraeli, wakiwa jangwani, wamechoka na mana, chakula wanachopewa na Mungu. Wanalilia samaki wa Misri waliowala bure, matango, matikiti, vitunguu, vitunguu saumu. Bure! Watu waliofyatua matofali huku wakichapwa viboko! Manung'uniko hayakuishia kuwachafulia siku ya leo, yaliwapambia hata utumwa wa jana. Nasi wa Nairobi tunao wimbo huo: ushago, kule kijijini, maji ni ya bure, unachota tu mtoni. Kile kilima cha kupanda ukirudi na mtungi kichwani hatukitaji.

Mstari wa 10 unasema kila mtu alikuwa akilia mlangoni pa hema lake. Hapa mtaani kwetu Umoja tunalilia kwenye ngazi. Mfereji wa ploti umekauka tena wiki hii, na kila anayepanda na mtungi wa lita 20 anaacha neno juu ya landilodi, juu ya kaunti, juu ya bei ya maji ya mkokoteni. Mengi ni ya kweli, sibishi.

Lakini Musa naye analalamika katika sura hiyohiyo, tena kwa ukali kuwapita wote. Anamwuliza Mungu kama ni yeye aliyewachukulia mimba watu hawa, kisha anaomba afe. Mungu hamkemei. Anampa wazee 70 wambebee mzigo pamoja naye. Wale wa mlangoni wanapata kware, na pigo juu yake. Mimi naona tofauti ni kwamba Musa alimwambia Mungu mwenyewe. Wao walimsema.

Ndiyo maana simpendi mhubiri anayemtaka aliyefiwa, au aliyeachishwa kazi juzi, aitikie "Mungu ni mwema" kisha aketi. Zaburi zimejaa kilio. Hata Paulo, anayewaambia Wafilipi wafanye mambo yote pasipo manung'uniko, anaandika akiwa kifungoni, na hafichi minyororo yake wala ugonjwa uliotaka kumuua Epafrodito. Ila shukrani zake huwa na watu ndani. Anakumbuka nani alimtumia msaada, na ulikuja kwa mkono wa nani.

Basi nimejaribu kushukuru hivyo. Kijana wa mkokoteni, anayefika ghorofa ya nne na mtungi kila mkono, jasho likimdondoka kidevuni, na bado anauliza, "Mathe, niweke wapi?" Jirani wa chini aliyenigawia ndoo ya kusuuzia sare za watoto, naye ana watoto wake. Mvua ya milima ya Aberdare pia, kwani sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, na sikumbuki lini niliwahi kuliombea. Nilipomaliza orodha nilikuwa bado nataka maji, ila hasira ilikuwa imepungua, nikaweza kumwandikia landilodi bila kumtusi: tangi la juu linavuja, tafadhali leta fundi kabla maji hayajarudi.

Ameusoma ujumbe na hajajibu. Asubuhi naenda kwake na jirani wa chini.