Siku moja maishani mwangu: jina la kinyonga asiye na pembe

Saa kumi na mbili asubuhi

Simu nimeiwekea kengele, lakini hondohondo huiwahi. Wakishaanza kelele zao kwenye miti mikubwa nyuma ya nyumba hakuna usingizi tena. Ukungu umeingia mpaka kibarazani. Jambo la kwanza ninalofanya, kabla hata ya kunawa uso, ni kwenda kupapasa karatasi.

Hapa Amani, Usambara Mashariki, mkoani Tanga, tuko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, na karatasi hunywa maji usiku kucha. Ukiipaka rangi ikiwa na unyevu, mstari wa brashi unatawanyika kama wino kwenye kanga. Kwa hiyo karatasi zangu zinalala ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na soksi iliyojazwa mchele wa kunyonya unyevu. Wageni wakiiona soksi hucheka. Wacheke tu.

Saa moja na nusu

Chai ya iliki na kiporo cha mihogo. Mpwa wangu, ambaye ndiye mtu wangu wa skana na kompyuta, anakula amesimama. "Mama mdogo, kesho ndiyo mwisho," ananikumbusha, kana kwamba nimelala.

Kesho faili za kitabu zinakwenda kwa mchapaji, Dar es Salaam. Ni kitabu kidogo cha mfukoni cha kutambulia vinyonga wa milima hii, kwa Kiswahili, kila aina na picha yake. Kazi hii ya kuchora nimeifanya zaidi ya miaka ishirini. Nilianza na viwavi, enzi watu wa vijiji vya hapa walipokuwa wakifuga vipepeo na kuuza pupa nje ya nchi. Mfugaji alihitaji kujua kiwavi kipi ni cha kipepeo kipi na anakula majani ya mti gani, nami nikawachorea kijitabu. Tangu hapo naitwa Mama Vipepeo, ingawa baadaye nimechora vyura, miti, na sasa hawa wenye mwendo wa pole.

Picha zimekwisha. Maelezo yamekwisha. Kilichobaki ni jina moja la Kiswahili.

Saa tatu

Bodaboda kutoka Muheza ameleta bahasha iliyokuja na basi la jana: kurasa za majaribio kutoka kiwandani. Naifungua taratibu maana najua nitakachokiona. Kijani kimeharibika. Kinyonga niliyempaka kijani cha jani la mgomba linalopigwa na jua amerudi na rangi ya bamia iliyolala siku tatu.

Kijani ni adui wa wachoraji. Mezani sitoi kijani kwenye kopo: nachanganya njano na buluu, halafu naweka chembe ya nyekundu ili kisipige kelele. Mashine ya kuchapia ina wino wa rangi nne tu, samawati, waridi, njano na nyeusi, na kila kijani lazima kizaliwe humo. Ile nyeusi ikizidi kidogo, kinyonga anaugua.

Nampigia kijana wa kiwandani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kijani changu kimekwenda wapi?"

Kimya kidogo. "Lakini mama, huyu si kinyonga? Si anabadilika rangi? Rangi yoyote ni yake."

Nimecheka mpaka mpwa wangu akaja kuchungulia. Na ukweli ni kwamba kijana ana hoja, na hoja hiyo imenisumbua kwa miaka. Ukichora ndege, rangi ni nusu ya kazi. Ukichora kinyonga, rangi ni shahidi wa uongo: akikasirika anaweka giza, akiona baridi anaweka giza, akilala anapauka. Kwa hiyo picha zangu zote nimezipaka rangi ya mchana, akiwa ametulia, na pembeni nimeweka picha ndogo ya rangi ya usiku, kwa sababu usiku ndipo wageni wanapowaona. Utambuzi wenyewe nimeuweka kwenye vitu visivyobadilika: pembe, kichwa, mstari wa mgongo, mkia. Hata hivyo bamia siikubali. Tumekubaliana apunguze nyeusi, nami nimtumie vipande vya karatasi vilivyopakwa rangi zangu halisi ili alinganishe kwa macho.

Saa nne hadi saa saba

Napitia michoro mara ya mwisho kwa kioo cha kukuzia. Sehemu hii ya siku haina hadithi ila shingo kuuma, lakini hapa ndipo kitabu kinapopona au kufa.

Naanza na miguu, kila mara. Kinyonga ana vidole vitano kila mguu, vimeungana mafungu mawili kama koleo. Mguu wa mbele, vitatu viko upande wa ndani na viwili nje. Mguu wa nyuma ni kinyume: viwili ndani, vitatu nje. Mwaka fulani nilichora bango la shule, nikawapa vinyonga wangu wote miguu ya mbele mbele na miguu ya mbele nyuma. Bango likachapwa. Likabandikwa. Mtoto wa darasa la tano akanyoosha mkono: "Mama Vipepeo, huyu atashikaje mti?" Yeye alikuwa na kinyonga kwenye mchongoma wa nyumbani kwao, alikuwa akimtazama kila siku. Bango nililibandua mwenyewe.

Watu huniuliza kwa nini nisipige picha kwa kamera nikamaliza. Kamera ninayo, na picha elfu kadhaa ninazo. Lakini kamera haijui kuchagua. Chukua hawa wawili wadogo wa majani makavu, wasiozidi kidole changu: mmoja ni *Rhampholeon temporalis*, mwingine *Rieppeleon brevicaudatus*. Wote wana rangi ya jani lililoanguka, wote ukiwashika wanatetemeka kiganjani kama simu iliyozimwa sauti. Kwenye picha ya kamera ni majani mawili makavu. Kwenye ukurasa wangu wametazama upande mmoja, ukubwa wao halisi, mmoja juu ya mwenzake, na kidevu cha brevicaudatus nimekipa nafasi ya kutosha ili zile ndevu zake, magamba machache tu yaliyochomoza, zionekane bila mtu kutafuta. Huyo tumempa jina kinyonga ndevu bila mabishano. Na yule *Kinyongia tenuis* mwenye kipande laini puani kinachopinda ukikigusa, ni kinyonga pua laini. Rahisi.

Hiyo *Kinyongia* isikupite. Mwaka 2006 wanasayansi walipotaka jina la jenasi mpya, yaani kundi la aina zilizo ndugu, walichukua neno letu, kinyonga, wakaliwekea mkia wa Kilatini. Miaka miwili baadaye, yule wa pembe mbili ambaye huku Usambara tulikuwa tukimwita *fischeri* kwa kufuata vitabu, akagawanywa. Kumbe *fischeri* halisi ni wa milima ya Nguu na Nguru. Wa kwetu wakarudishiwa majina ya zamani: *matschiei* na *vosseleri* huku mashariki, *multituberculata* kule Usambara Magharibi. Nami nilikuwa na kipeperushi mtaani chenye jina moja kwa wote. Ndiyo kazi hii: unachora kwa uaminifu, halafu jina linahama usiku.

Saa nane

Ugali, mlenda, umeme umekatika. Mpwa wangu anaitazama kompyuta kama mtu aliyefiwa.

Saa tisa alasiri

Mzee amefika na fimbo yake. Amestaafu kuongoza wageni msituni, na hakuna mtaalamu aliyepita hapa miaka hiyo ambaye hakutembea nyuma ya mgongo wake. Nimemwamkia, nimempa kiti cha dirishani, nimemwekea ukurasa uliobaki mezani.

Ni *Trioceros deremensis*, jina la *deremensis* alipewa mwaka 1892 kwa ajili ya Derema, msitu wa jirani tu. Dume ana pembe tatu usoni. Mpwa wangu alikwisha andika "kinyonga pembetatu".

Mzee anasoma, anavua miwani. "Pembetatu ni ya hesabu, mjukuu wangu. Huyu umemfanya mchoro wa ubaoni."

"Kinyonga wa pembe tatu, basi."

"Na jike?"

Hapo ndipo tulipokwama tangu mwezi uliopita. Jike hana pembe hata moja. Mtu akikutana na jike njiani, akafungua kitabu changu akatafuta pembe tatu, atasema kitabu kinadanganya, na atakuwa sahihi.

"Tumwite kinyonga wa Derema," nasema.

"Yuko Derema peke yake?"

"Hapana, mzee."

"Sasa?" Anagonga meza kwa kidole. "Matschie, Vosseler, Fischer. Wote wamejipandia milima hii kwa majina. Waliobeba tochi ni akina sisi, na hatujabandikwa hata kwenye chura."

Nikamsimulia habari za Jali Makawa, aliyekuwa akikusanya ndege kwa ajili ya wataalamu. Mwaka 1964 huko Zambia alipata ndege mdogo ambaye hakuna aliyemjua, na mwaka uliofuata ndege akaitwa *Pogoniulus makawai*. Mpaka leo hajapatikana wa pili. Mzee akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama huyo Makawa alipewa nakala ya kitabu. Sikuwa na jibu. Mzee wangu atapata nakala mbili.

Tukakubaliana jambo moja: usiku tutatoka tukamtazame jike mwenyewe. "Jina halitoki kwenye kiti," akasema, akaomba chai nyingine.

Saa kumi na mbili jioni

Umeme umerudi. Ramani ndogo za kitabu naziangalia tena na kufuta vituo viwili. Vinyonga hawa wana soko kwa wafugaji wa ng'ambo, na ingawa mwaka 2016 serikali ilisimamisha kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, sitaki kitabu changu kiwe ramani ya mwizi. Safu ya milima naonyesha. Kichochoro naacha. Mtalii mmoja aliwahi kunilalamikia kwamba ramani zangu ni za kijuujuu. Nilimshukuru.

Saa mbili na nusu usiku

Kibali tunacho, tochi za kichwani zina betri mpya, siafu wamefunga njia mara moja tu. Mzee anatangulia, hana haraka. Siri ya kazi ya usiku ni kwamba kinyonga mchana hupotea kwenye majani, lakini akilala anapauka, na tochi ikimpata anang'aa kama karatasi iliyonaswa mtini. Hulala kwenye ncha za vitawi vyembamba, mahali ambapo nyoka hawezi kupita bila kutikisa.

Tunampata wa kwanza ndani ya robo saa: dume, pembe zote tatu, mkia umekunjwa kama springi ya saa. Tunampita. Halafu mmoja wa pua laini. Halafu muda mrefu hakuna kitu ila matone na vyura.

"Huyu hapa," anasema mzee.

Jike. Yuko juu kidogo ya kichwa changu, kwenye kitawi kilichoinama kwa uzito wake, ametugeuzia ubavu. Hatumgusi, kinyonga aliyelala haamshwi kwa ajili ya daftari. Naweka kalamu ya risasi mdomoni na kusogea mpaka naona magamba ya duara ya ubavuni, meupe ya maziwa, na kope iliyofunika jicho lote ikabakiza tundu dogo kama la sindano, nalo limefungwa. Uso mtupu, hauna pembe. Mwanga wangu unampiga kwa mbele, sioni kipya. Nimemchora mara thelathini.

Mzee ndiye aliyezunguka upande wa pili na tochi yake.

Mwanga ukapita kwa nyuma. Ule ukingo mrefu wa mgongo, ambao kwenye karatasi nimeuchora kama mstari na kuuhesabia mawimbi, ukaangaza kwa ndani. Ngozi nyembamba, imesimama, imevimba kidogo katikati, na mishipa inaonekana kama kamba.

"Unaona nini?" akauliza.

"Mgongo."

"Wewe si mtu wa Pangani? Tazama vizuri."

Nikatazama. Nikamwona amepanda upepo. "Tanga," nikasema.

"Na dume analo vilevile."

Kweli, dume analo. Kinyonga tanga. Nikaandika nikiwa nimesimama, herufi zikienda mrama kwa sababu ya baridi.

"Ila wakiwa wengi," mzee akaongeza, "msije mkaandika vinyonga matanga. Watu tayari wanasema mnyama huyu ni nuksi, mtawaambia na msiba juu yake?"

Saa tano usiku

Viatu vimejaa matope, nimevivua mlangoni. Mzee amekataa kulala kwetu, bodaboda amempeleka. Mpwa wangu amefungua ukurasa na kufuta "pembetatu" kwa furaha ya mtu anayelipa deni. Mimi nimerudi kwenye mchoro wa jike, brashi namba sifuri, naongeza mwanga kidogo nyuma ya mgongo. Karatasi imeanza kunyonya unyevu, nina dakika kumi hivi.

"Mama mdogo," anasema bila kugeuka, "watu wa Tanga watadhani ni wao."

"Si yuko Tanga?"

"Sawa. Sasa niandike kwa herufi kubwa au ndogo?"

"Ndogo," nimemwambia. "Halafu uniletee ile soksi ya mchele."