Konjelateri ya mama mdogo na ujumbe usiokoma

Mama mdogo anauza samaki Kadutu, na anayeishi Bukavu anajua maana yake: mitambo ya Ruzizi iko mlangoni petu, lakini umeme unakuja na kuondoka unavyotaka. Ndiyo sababu ndani ya konjelateri yake (friza ya kugandishia samaki) kuna sensa ya joto ya DS18B20, na nje kuna Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayotumia betri ya sola. Skripti, yaani programu fupi niliyo nayo kwa lugha ya Python, inasoma joto kila sekunde 10. Likipanda juu ya nyuzi -12, inatuma ujumbe Telegram.

Skripti aliyotuachia fundi haikuwa na breki. Umeme ukikatika usiku na barafu ikianza kulegea, kila mzunguko ulituma ujumbe: 6 kwa dakika, 360 kwa saa. Telegram yenyewe haikutusaidia, maana kwenye kikundi boti (programu inayotuma jumbe yenyewe) inaruhusiwa kama jumbe 20 kwa dakika. "Mtoto yangu, hii kitu inasema sana kunishinda mimi!" Mama mdogo akaizima sauti, na ungekuwa wewe ungeizima pia.

Nilishauriwa niweke time.sleep(1800), amri ya kulala sekunde 1800, basi. Sikutaka. Skripti inayolala nusu saa haioni chochote nusu saa hiyo. Kusoma joto na kutuma ujumbe ni kazi mbili. Ya kwanza iendelee haraka, ya pili ndiyo izuiwe (hapa "mwisho" ni wakati ujumbe ulipotumwa mara ya mwisho):

```python
mwisho = None
while True:
    joto = soma()
    sasa = time.monotonic()
    if joto > -12 and (mwisho is None or sasa - mwisho >= 1800):
        if tuma(joto):
            mwisho = sasa
    time.sleep(10)
```

Kwa nini time.monotonic, inayohesabu sekunde tu, na si time.time, inayosoma saa ya mashine? Raspberry Pi yetu ni ya zamani, haina saa yenye betri yake. Ikizimika na kuwaka, inaamka na saa ya jana, halafu intaneti ikipatikana saa inaruka mbele ghafla. Ukihesabu nusu saa kwa saa ya namna hiyo, unahesabu upepo. Monotonic hairudi nyuma wala hairuki.

Ila ina mtego wake, na huu ndio ninaoupenda kuusimulia. Kwenye Linux hesabu yake inaanza karibu na sifuri mashine inapowaka. Ukiandika mwisho = 0, kama mifano mingi inavyofanya, skripti itadhani imetuma ujumbe sasa hivi, na itanyamaza nusu saa ya kwanza. Kwetu, nusu saa ya kwanza baada ya betri kuisha na kurudi ndiyo saa yenyewe ya hatari! Kwa hiyo None, yaani "bado hakuna".

Na hiyo "mwisho" inabadilika tu pale tuma() inaporudisha True, yaani ujumbe umetoka kweli. Mtandao ukiwa chini, skripti inajaribu tena baada ya sekunde 10, haitupi nusu saa bure. Mashine ikiwaka upya, kumbukumbu inapotea na ujumbe mmoja unatoka tena. Ningeweza kuihifadhi kwenye faili, lakini kwa mama mdogo huo mmoja ni habari, si kelele.

Nimeongeza mawili madogo. Joto likicheza kati ya -12,1 na -11,9, hali ya hatari haifutwi mpaka lishuke chini ya -15. Likishuka, unatoka ujumbe mmoja wa kusema imepoa. Na sensa hii, ikikosa umeme wa kutosha, inaweza kutoa namba 85, ambayo ndiyo thamani yake ya kuwakia. Samaki hawajachemka: soma tena kabla ya kumwamsha mtu.

Sauti ya simu imewashwa tena. Sasa mama mdogo anadai ujumbe wa saa kumi na mbili asubuhi, hata kama kila kitu ni salama, ajue kwamba mashine haijafa. Nitauweka wiki hii.