Mimi nahesabu masiku

Usiku wa tatu huu usingizi haunijii, na si joto. Kusi limeshaanza na madirisha yote yako wazi. Ni neno la dada. Twabishana binti yake akasomee udaktari chuo gani kati ya viwili, nami nilikuwa nimekaa kwake na karatasi zangu, barua mbili za vyuo hivyo nimezibana kwa kikombe zisipeperuke, nimefika gharama za mwaka wa tatu, akaniambia bila kuniangalia: "Wewe wahesabu karo, kaka. Mimi nahesabu masiku."

Sikumjibu. Tangu hapo namjibu peke yangu, nikienda sokoni, nikishuka gatini, hata kwenye swafu.

Mambo yako hivi tangu matokeo ya kidato cha nne ya Januari. Serikali imempangia binti udaktari Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Chuo cha binafsi jirani na Nairobi nacho kimempa nafasi, na ndicho dada anachokitaka, kwa kuwa mdogo wetu anaishi mtaa wa pili na mtoto atalala kwa watu wake.

Barua ya binafsi ina mihuri mizuri. Ila karo iliyoandikwa ni ya mwaka mmoja, na udaktari ni miaka sita, kisha mwaka mzima wa mafunzo ya kazi hospitalini. Niliwapigia nikataka jumla ya miaka sita kwa maandishi, pamoja na ada za mitihani, maabara na bima. Nangoja hadi leo. Na kuna kurudia mwaka: ukianguka somo la anatomia ukarudishwa, karo ya mwaka ule yalipwa upya, na hapo ndipo watu huuza shamba. Ufadhili wa serikali haumfuati kule. Atakachoweza kuomba ni mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, wenye riba ya asilimia 4. Eldoret aweza kupata ufadhili na mkopo, kwa kadiri ya kundi la uwezo wa kifedha atakalowekwa, na akiwekwa kundi lisilo lake akate rufaa mapema. Lakini mkopo huombwa upya kila mwaka. Wengi huomba wa kwanza wakalala, mwaka wa pili wakashtuka.

Kubwa kuliko yote kwangu ni wodi. Ukiuliza chuo cha udaktari swali moja tu, uliza wanafunzi husomea hospitali gani, na wangapi huzunguka kitanda kimoja. Eldoret wana Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi. Kile kingine, nilipobana, wakakiri kwamba hospitali ni ya kuazima, wanagawana na vyuo vingine. Wa mstari wa nyuma atamaliza zamu hajagusa tumbo la mgonjwa.

(Aliyetaja pale barazani akasome ng'ambo nilimuuliza kama ajua kwamba binti akirudi kuna mtihani wa Baraza la Madaktari kabla ya kuruhusiwa hayo mafunzo ya hospitali. Akarudi kwenye kahawa yake.)

Basi nikahesabu masiku. Kutoka hapa Lamu, mashua hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, basi la usiku hadi Nairobi, kisha zaidi ya kilomita 300 hadi Eldoret. Siku mbili kwenda, mbili kurudi, na hapo njia iwe salama. Likizo ya wiki moja yaishia garini. Dada hesabu yake ilikuwa sawa, na kwenye karatasi yangu sikuwa hata na mstari wake. Nikauongeza: nauli mara mbili kwa mwaka, masweta, blanketi zito, maana mji ule uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Hata hivyo gharama ya Eldoret ikabaki chini, tena kwa mbali. Nikaona haya kufurahi.

Jana jioni binti akaja mwenyewe, akakaa kizingitini.

"Mjomba, huko wagonjwa wazee wasema lugha gani?"

Tumegombana wiki mbili, hakuna aliyewaza hilo. Nikamwambia Kikalenjin, wengi wao. Na Moi wana utaratibu wao wa COBES wa kuwapeleka wanafunzi vituo vya afya vya mashambani, kwa hiyo atakaa mbele ya bibi asiyejua Kiswahili na itabidi ajue kikohozi kimeanza lini, makohozi yana damu au hayana. Nikadhani nimemtisha. Kumbe ashaanza kutafuta kwenye simu "kikohozi" huitwaje, ananijaribia matamshi, na mimi sijui kama ni sahihi au anatukana. Nikacheka mpaka dada akachungulia.

Dada akasimama pale mlangoni kitambo. "Na hilo blanketi," akasema, "litanunuliwa hapa au huko?"

Huko, nikamjibu, ni nafuu.